Pokea, lakini usitii: Wakaaji wa Sange na simu wasizoomba

Mahali pengi duniani, shauri juu ya simu za usumbufu ni moja: namba usiyoijua, usiipokee. Ni shauri zuri kwa mtu aliye na kazi ya mshahara, benki karibu na nyumbani, na watoto wote wakilala chini ya paa lake. Katika Sange, teritware ya Uvira, shauri hilo halisaidii sana.

Sange iko kwenye barabara ya kitaifa namba 5, ile inayotoka Bukavu ikishuka uwanda wa Ruzizi mpaka Uvira. Ng'ambo ya mto ni Burundi. Ndugu wa watu wa hapa wametawanyika: wengine wako Uvira na Bukavu, wengine Rugombo na Bujumbura, wengine katika kambi ya Nyarugusu kule Tanzania ao Nakivale kule Uganda, wengine wamefika Marekani. Vita ilipoingia uwandani Desemba 2025, ikipita Luvungi na Sange mpaka Uvira, maelfu ya watu walivuka Ruzizi wakiwa na kile walichoweza kubeba. Anayekimbia hupoteza simu, ao simu yake huzimika kwa kukosa moto wa kuchaji. Anaazima ya mtu mwingine ili aseme tu: niko mzima.

Kwa hiyo mama wa Sange anapoona namba asiyoijua, hawezi kuiacha ilie mpaka ichoke. Anaweza kuwa anamkatia mtoto wake. Anapokea. Na mara nyingi sauti anayosikia si ya mtoto. Ni ya mashine inayomwambia abonyeze 1 ili ashinde pikipiki. Ao ni ya kijana mwenye heshima nyingi anayesema yeye ni wa kampuni ya simu na kwamba konti yake itafungwa leo.

Habari hii inataka kutoa shauri jingine, linalolingana na maisha ya hapa: pokea, lakini usitii. Kupokea simu hakumpi aliyekupigia haki yoyote juu ya kidole chako, kode yako ya siri, wala makuta yako.

Simu imekuwa benki

Zamani simu ya usumbufu ilikula wakati tu. Leo inaweza kula mtaji wa nyumba nzima, kwa sababu makuta yanalala ndani ya simu.

M-Pesa ilianzia Kenya mwaka 2007, ikafika Kongo mwaka 2012. Airtel Money na Orange Money nazo zikaenea. Katika uwanda wa Ruzizi, ambako benki ni chache, mtu anauza mchele ao mihogo na kupokea malipo kwa simu. Mwanafunzi anatumiwa minerval kwa simu. Familia iliyokimbia inatumiwa chakula kwa simu. Benki zilipofunga milango Goma na Bukavu mwanzoni mwa mwaka 2025, baada ya miji hiyo kuchukuliwa na M23, hata watu waliokuwa na konti za benki walibaki kutegemea kabini na simu.

Wezi waliona mbele yetu. Mwizi wa zamani alipaswa kuvunja mlango usiku. Mwizi wa leo anapiga simu mchana, anasalimia vizuri, na anakuomba umfungulie wewe mwenyewe.

Sauti tatu zenye mlio mmoja

Shida kubwa ni kwamba simu na mesaji zisizoombwa ni za aina tatu tofauti, lakini zote zinalia namna moja.

Aina ya kwanza ni matangazo ya kampuni ya simu yenyewe: forfe mpya, bonasi, tombola, wimbo wa kuwasikilizisha wanaokupigia. Mara nyingi yanatoka kwa jina la kampuni ao kwa namba fupi ya tarakimu tatu mpaka tano, na sauti ni ya mashine. Kusikiliza tu kwa kawaida hakukati kitu. Kinachokata ni kubonyeza. Pale sauti inaposema «bonyeza 1», inakuomba ukubali mkataba. Aliyezoea kubonyeza ili sauti inyamaze, anaweza kuwa amenunua wimbo bila kujua.

Aina ya pili ni huduma za abonema: habari za mpira, mashauri ya mapenzi, mistari ya dini, nyota, michezo ya maswali. Mara nyingi zinauzwa na kampuni nyingine zinazopita katika mtandao wa kampuni ya simu. Zinakata kidogo kidogo, kila siku ao kila juma. Kwa sababu kiasi ni kidogo, mtu anasema tu «yunite zimeisha haraka», ananunua nyingine, na abonema inaendelea kula.

Aina ya tatu ni mwizi. Huyu kwa kawaida anatumia namba ya kawaida ya tarakimu kumi, kama yako na yangu. Lakini anavaa nguo za hizo aina mbili za kwanza. Anasema anatoka kwa kampuni. Anasema umeshinda. Anasema bonyeza.

Hapo ndipo matangazo mengi yanapotuletea hasara ambayo haionekani kwenye salio. Kila siku yanatufundisha kutii sauti ya mtu tusiyemjua inayotuambia tubonyeze kitu. Siku mwizi anapopiga, anakuta kazi nusu imekwisha fanywa.

Namna ya kugundua abonema

Kuna njia rahisi. Jioni, kabla ya kulala, angalia salio lako la yunite na uliandike. Kama una simu ya kisasa, zima data ya intaneti. Asubuhi, kabla ya kupiga popote, angalia tena. Kama salio limepungua na hukupiga simu wala kutuma mesaji, kuna kitu kimekula usiku.

Data inazimwa kwa sababu maalumu: forfe ya intaneti ikiisha na data ikabaki wazi, simu yenyewe inaweza kutafuta mtandao na kukata yunite kwa bei ya kawaida. Hapo si abonema iliyokula, ni simu yako. Karibu na mpaka kuna jambo jingine la kuangalia: simu inaweza kushika mtandao wa Burundi, na bei ya hapo si ile ya nyumbani. Angalia jina la mtandao juu ya kioo. Kama si la kampuni yako, ingia kwenye mipangilio ya simu na uchague mtandao kwa mkono.

Ukihakikisha kuwa ni abonema, tafuta mesaji iliyokukaribisha. Mara nyingi inaonyesha namba fupi na neno la kutokea. Neno STOP, likitumwa kwa namba hiyo fupi, linafunga nyingi ya huduma hizi. Kama halifungi, piga kwa huduma ya wateja ya kampuni yako ao nenda kwenye ofisi yake, uombe mambo mawili: wakuonyeshe abonema zote zilizo kwenye namba yako, na wazifunge zote. Andika tarehe na saa uliyolalamika. Mlalamikaji mwenye tarehe anasikilizwa kuliko mwenye hasira peke yake.

Usitume STOP kwa namba ya kawaida ya tarakimu kumi. Kwa mwizi, neno hilo linaonyesha tu kwamba namba iko hai na kuna mtu anayesoma.

Hadithi tano za mwizi

Wezi wa simu hawana hadithi nyingi. Wana chache, na wanazirudilia kwa sababu zinafanya kazi. Anayezijua anaweza kuzitambua kwa maneno ya kwanza.

Ya kwanza ni «nimekosea kutuma». Unapata mesaji inayofanana na ya M-Pesa ao Airtel Money, ikisema umepokea, tuseme, dola 40. Dakika mbili baadaye mtu anapiga akilia: «Mama, nilikuwa natuma makuta ya dawa ya mtoto, nimekosea namba, nirudishie kwa jina la Mungu.» Ukiangalia vizuri, mesaji ilitoka kwa namba ya kawaida, si kwa jina la huduma. Hakuna kilichoingia. Ukirudisha, unarudisha makuta yako mwenyewe. Na hata kama yameingia kweli, usirudishe kwa mkono wako. Mwambie aende kwa kampuni yake akaombe kosa lirekebishwe. Mkweli atakwenda. Mwongo atatukana.

Ya pili ni «umeshinda». Zawadi ni kubwa, lakini kwanza utume pesa kidogo ya kuandikisha, ya usafiri, ao ya mhuri. Kumbuka: mtu hashindi tombola ambayo hakucheza, na zawadi ya kweli hailipiwi na aliyeshinda.

Ya tatu ni «mimi ni wa kampuni». Anajua jina lako, pengine anajua ulipokea makuta jana. Anasema namba yako haijaandikishwa vizuri, itafungwa saa hii. Anaomba kode ya siri, ao namba sita zilizoingia sasa hivi kwa mesaji, ao anakuomba ubonyeze kode ndefu yenye nyota. Kode ya kuanza na *21* ikifuatwa na namba ya simu inageuza simu zako zote ziende kwa namba hiyo. Namba sita za mesaji zinamfungulia WhatsApp yako, na saa moja baadaye ndugu zako wote wanaombwa makuta kwa jina lako. Kama ulikwisha kubonyeza, piga ##002# ili kufuta kugeuzwa kote kwa simu, kisha ubadilishe kode yako ya siri.

Ya nne ni ya huzuni: «mtoto wako amekamatwa», «yaya amegongwa na moto, tuko hospitali, daktari anangoja». Katika jimbo ambalo mambo kama hayo yanatokea kweli, hadithi hii ni kali kuliko zote. Mwizi anategemea mapigo ya moyo wako. Hataki ukate simu, kwa sababu anajua ukikata utampigia mtoto.

Ya tano ni ya msaada: «jina lako liko kwenye listi ya mgawanyo», «faili yako ya kwenda Marekani imepita, lakini lipa kwanza». Kwa waliokimbia, hakuna hadithi inayouma zaidi. Ukweli wa kukumbuka ni mmoja: shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, HCR, linasema wazi kwamba huduma zake ni za bure, na nafasi ya kupelekwa inchi ya tatu haiuzwi. Anayeomba pesa kwa ajili ya listi, hata akiwa na kofia ya shirika, ni mwizi.

Namba yako waliitoa wapi?

Watu wengi wanapopigiwa na mtu anayejua jina lao, wanaamini moja kwa moja kwamba ni wa kampuni. Lakini jina na namba ya mtu vinalala mahali pengi ambako havilindwi.

Tuanzie kwenye kabini. Mtu anapoweka ao kutoa makuta, mwenye kabini anaandika katika kaye: jina, namba ya simu, kiasi, tarehe. Ni kazi nzuri, inasaidia hesabu. Lakini kaye hiyo mara nyingi iko wazi mezani, na anayengoja nyuma yako anaweza kuisoma kwa macho, ao kuipiga picha akijifanya anaangalia saa. Kutoka hapo anajua nani alipokea kiasi gani leo. Akipiga jioni akasema «mama, jana ulipokea dola 50», hakuna muujiza. Alisoma kaye.

Kuna listi za migawanyo ya msaada, zinazobandikwa ukutani zikiwa na majina na namba. Kuna listi za kwaya, za vyama vya akiba, za wazazi wa shule, zinazopitishwa kwenye vikundi vya WhatsApp vyenye watu mamia. Kuna tangazo la kuuza shamba lenye namba ya simu juu ya mti. Na kuna njia isiyohitaji listi yoyote: mwizi anachukua namba moja na kupanda tarakimu kwa tarakimu, akipiga zote. Kati ya namba mia, anahitaji mtu mmoja tu atakayeitika.

Kwa hiyo usikubali kwamba anayejua jina lako ana mamlaka juu yako.

Bipu inayotoka mbali

Kwetu bipu ni lugha. Bipu moja: nimefika. Bipu mbili: nipigie, sina yunite. Mtu mwenye adabu anarudisha simu. Ni desturi ya kusaidiana, na ni nzuri.

Lakini kuna udanganyifu uliojengwa juu ya desturi hiyo hiyo. Wajapani waliupa jina la «wangiri», maana yake mlio mmoja na kukata. Mashine inabipu maelfu ya namba kutoka inchi ya mbali. Anayerudisha simu anaingia kwenye mstari wa bei ya juu, na sehemu ya pesa hiyo inaenda kwa aliyepanga mchezo. Wanamwekea muziki ao sauti ya kungoja ili akae muda mrefu. Yunite zinaisha kabla hajajua kama kuna mtu.

Hapa Sange hatuwezi kukataa kila namba ya nje. Jifunze basi mianzo ya inchi ambako una watu: +257 ni Burundi, +250 Rwanda, +255 Tanzania, +256 Uganda, +254 Kenya, +1 Marekani na Kanada. Hata hivyo, +1 inashirikiwa pia na visiwa kadhaa vya Karibi, kwa hiyo nayo ina mitego yake. Namba ya mwanzo usioujua ikibipu mara moja, usirudishe. Kama ni ndugu, atatafuta njia: atapiga tena, ataandika mesaji, ataacha sauti kwenye WhatsApp.

Kupokea bila kutii: hatua za kufuata

Kwanza, ngoja aseme jina lake. Usimsaidie. Watu wengi wanasema wenyewe: «Ni wewe Amani?» na mwizi anajibu: «Ndiyo, ni mimi Amani.» Uliza tu: «Wewe ni nani?» Kisha nyamaza.

Pili, tumia alama ya familia. Kaeni siku moja, mchague swali ambalo mtu wa nje hawezi kulijibu: jina la utani la babu, mahali mlipolala usiku wa kwanza mlipokimbia, jina la ng'ombe wa zamani. Ao ongea tu Kifuliiru, Kivira ao Kinyindu, lugha yoyote ya nyumbani, na usikie jibu. Anayepiga kwa simu ya kuazima hatakasirika kwa swali. Atafurahi kuona mnajilinda.

Tatu, kata na upige mwenyewe. Hii ndiyo kanuni kubwa kuliko zote. Kama anasema ni wa kampuni, kata, upige namba ya huduma ya wateja unayoijua, si ile anayokupa. Kama anasema ametuma makuta, kata, uangalie salio kwa njia yako ya kila siku: *1122# kwa M-Pesa, *501# kwa Airtel Money, *144# kwa Orange Money. Kama anasema mtoto yuko hospitali, kata, umpigie mtoto, mwalimu ao jirani. Anayesema «usikate, utapoteza» amekwisha kujitambulisha.

Nne, kode ya siri haina rafiki. Mfanyakazi wa kweli wa kampuni haihitaji. Mwenye kabini haihitaji. Hata mtoto anayesaidia bibi yake kutoa makuta asiisome kwa sauti mbele ya watu. Na isiwe mwaka wa kuzaliwa ao 1234.

Tano, ibloke namba na uiseme. Simu nyingi za kisasa, na hata baadhi ya simu ndogo za vibonyezo, zina nafasi ya kubloke. Lakini mwizi ana kadi nyingi za SIM, akifungiwa moja anachukua nyingine. Kwa hiyo kuisema kuna faida kuliko kuibloke: itume kwa kampuni yako, na uwaambie majirani hadithi aliyoileta. Namba itabadilika, hadithi itabaki ile ile.

Kama makuta yamekwisha toka

Hapa dakika zina bei. Piga mara moja kwa huduma ya wateja, uombe wazuie konti iliyopokea kabla mwizi hajatoa pesa kwenye kabini. Usifute mesaji: kila mpito una namba yake ya kumbukumbu, na bila namba hiyo malalamiko yako hayana mguu. Andika saa, kiasi, namba iliyopokea, na maneno aliyosema. Kisha nenda kwenye ofisi ya kampuni ukiwa na kitambulisho, na utoe malalamiko kwa polisi ao kwenye ofisi ya mwendesha mashtaka. Si kila mara makuta yanarudi. Lakini namba iliyolalamikiwa na watu kumi haionekani tena kama ajali.

Na usijifiche kwa haya. Wanaodanganywa si wajinga tu. Wanadanganywa waalimu, wachungaji na wafanyabiashara. Wezi hawa wanaishi kwa sababu aliyeumwa jana ananyamaza, na jirani yake anaumwa leo kwa hadithi ile ile.

Sheria iko wapi?

Sheria ipo. Mwaka 2002 Kongo iliunda mamlaka ya kusimamia posta na mawasiliano ya simu, ARPTC. Sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020 ikapanga upya kazi ya mawasiliano. Na tarehe 13 Machi 2023 ikaja Kode ya mambo ya dijitali, Code du numérique, ambayo inagusa pia ulinzi wa data za mtu binafsi na makosa yanayofanywa kwa njia ya kompyuta na simu. Kwa maneno ya kawaida: jina lako na namba yako si mali ya aliyeviandika. Ni vyako.

Shida ni umbali. Makao ya ARPTC yako Kinshasa, zaidi ya kilometa 1,500 kutoka Sange. Mama aliyekatwa franka 200 kwa siku hawezi kupanda ndege kwenda kulalamika. Kwa kila mmoja hasara ni ndogo mno kwa kesi, na kwa wote pamoja ni kubwa sana. Ndiyo maana malalamiko ya mtu mmoja mmoja hayatoshi.

Majirani wametangulia kidogo. Tanzania imeweka namba 15040, ambako mtu anatuma namba ya tapeli ili ifuatiliwe. Huko hadithi ya «ile hela tuma kwenye namba hii» inajulikana mpaka imekuwa utani. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, na Septemba 2023 ofisi inayoisimamia iliipiga kampuni ya mikopo ya simu, Mulla Pride, faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia namba za watu ambao hawakukubali. Ufaransa, iliyojaribu tangu 2016 listi ya watu wasiotaka kupigiwa, ilipitisha sheria tarehe 30 Juni 2025 inayogeuza mambo: kuanzia Agosti 2026, mwuzaji hatampigia mtu bila huyo mtu kukubali kwanza. Si wewe utakayeomba uachwe. Ni yeye atakayeomba ruhusa.

Kwa ndugu walio Marekani, listi ya Do Not Call iko tangu mwaka 2003, na kuandikisha namba ni bure. Inapunguza wauzaji wa kweli, mwizi haisomi. Kwa hiyo kanuni ya kukata na kupiga mwenyewe inafuata hadi huko.

Tusiseme kwamba hapa kwetu kelele haisaidii. Wengi wanakumbuka RAM, malipo yaliyoanza kukatwa mwaka 2020 kwenye yunite za kila simu, mpaka dola saba kwa mwaka kwa simu ya kisasa. Hakuna aliyebonyeza 1 kukubali. Raia walilalamika, mashirika ya raia yakapiga kelele, bunge likauliza maswali, na mwaka 2022 yakaondolewa. Ilichukua muda, lakini yaliondolewa.

Kazi inayoweza kuanzia Sange

Kuna mambo yasiyongoja Kinshasa. Wenye kabini wanaweza kufunika kaye, ao kuiandika upande wao wa meza, mbali na macho ya wanaopanga mstari. Wanaogawa msaada wanaweza kubandika majina bila namba. Wasimamizi wa vikundi vya WhatsApp wanaweza kukataa listi za namba. Radio za jamii, makanisa na misikiti wanaweza kutoa dakika mbili kwa juma kusimulia hadithi mpya ya wezi, kama wanavyotangaza mazishi na chanjo.

Na mashirika ya raia ya uwanda wa Ruzizi yanaweza kukusanya kile ambacho mtu mmoja hawezi kupeleka: tarehe, namba fupi, kiasi kilichokatwa, majina ya huduma. Kurasa kumi za namna hiyo, zikipelekwa kwenye ofisi za kampuni Uvira na nakala Kinshasa, ni vigumu kuzisukuma pembeni. Ombi liwe fupi: kila abonema ithibitishwe mara mbili kabla ya kukata, kila mesaji ionyeshe njia ya kutokea, na kuwe na namba moja ya bure ya kutaja wezi, kwa Kiswahili.

Mpaka siku hiyo, simu zitaendelea kulia, na tutaendelea kuzipokea, kwa sababu mmoja kati yao anaweza kuwa mtu wetu. Mtu wetu hatuombi kode ya siri. Anasema jina lake, anajibu swali la nyumbani, na tukimwambia «kata, nitakupigia», anangoja.